Saa Tatu ya Wino Mwekundu

Mdogo wangu alipofariki mwaka jana, watu waliokuja msibani walinisimulia mambo yake. Mengine sikuyajua, na mengine hayakuwa ya kweli. Mmoja alisema marehemu alikuwa na kipaji cha kompyuta tangu utotoni. Utotoni hatukuwa na kompyuta, na redio ya nyumbani ilikuwa ya baba, hatukuruhusiwa kuigusa. Naandika haya nisije nami nikaanza kukumbuka hivyo. Alisoma uhandisi wa data mtandaoni kwa miezi kumi na minne, na kipaji sikukiona. Niliona mtu anayerudia somo.

Wakati ule alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alipokea mashuka kutoka wodini, akayahesabu, akatenga yenye damu, akayapeleka kwenye mashine, kisha akasimama mezani kuyakunja. Ni kazi ya kusimama kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwaka wa sita miguu ikaanza kuvimba. Daktari wa hapohapo alimpima, akamwambia moyo wake umetanuka, akampa dawa, na akamwambia atafute kazi ya kukaa. Alilisema hilo kama mtu anayekwambia upunguze chumvi. Mdogo wangu alimuuliza kazi ya kukaa inapatikana wapi kwa mtu aliyeishia kidato cha nne. Daktari akasema hilo halimo kwenye vitabu alivyosoma yeye.

Tangazo la kozi alilikuta kwenye simu. Shirika moja lilitoa nafasi mia mbili za kusoma bure, na anayemaliza alipewa cheti na jina lake kupelekwa kwa waajiri. Aliomba, akafanya jaribio la hesabu, akachaguliwa. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, yeye na mimi, na sisi wawili hatukuelewa anasoma nini. Mama alizijua data za kuingilia mtandaoni, zile zinazoisha kabla ya siku zake. Aliwatangazia majirani kwamba binti yake anasomea uhandisi wa data, na jirani mmoja akaja kuuliza kama akihitimu ataweza kulifanya bando lake lifike mwisho wa wiki. Kule kufulia walimwita Mhandisi. Msimamizi wake akimkuta na simu wakati wa chakula alimwambia, "Mhandisi wa data, angalia usije ukadata." Wenzake walicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Yeye alicheka nao, waya wa kusikilizia ukiwa kwenye sikio moja.

Mimi ni mhudumu wa pampu ya maji. Nilimwelewa siku aliponieleza kwa kazi yangu. Alisema habari zimekaa huko zilipo kama maji ya kisimani, zina takataka, na anayezihitaji yuko mbali na hana ndoo. Mhandisi wa data anaweka bomba, anaweka chujio, anaweka tangi, ili mwenye kufungua koki apate kitu safi bila kujua kimetoka wapi. Nikamwambia basi tunafanya kazi moja. Akasema tofauti ni kwamba bomba lake likivuja hakuna anayelowa, kwa hiyo linaweza kuvuja mwaka mzima.

Miezi minne ya mwanzo alisomea kwenye simu. Mwalimu wa video aliongea Kiingereza cha mbio, naye akampunguza kasi mpaka mwalimu akawa anaongea kama mlevi. Nilizoea kuisikia sauti ile ikitoka chumbani kwake kila alfajiri kabla hajaenda kazini. Mwezi wa tano shirika lilimwazima kompyuta kuukuu iliyokuwa na feni yenye kelele, mama akawa anauliza ni nani anasaga unga.

Somo la kuunganisha majedwali alilifeli mara mbili. Alijifunzia kwa mambo ya kazini: jedwali moja la wodi, jingine la mashuka. Hospitali ilikuwa na wodi kumi na mbili na mashuka mia tisa. Alipoyaunganisha akapata mashuka elfu kumi na mia nane, kwa sababu kila shuka lilikuwa kwenye kila wodi kwa wakati mmoja. Alinionyesha bila kucheka. Nikamwambia apumzike mwezi mmoja, masomo hayakimbii. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia kwa utaratibu kwamba miguu yake haitapumzika mwezi mmoja ikimsubiri, na kwamba akipoteza nafasi hii atakunja mashuka mpaka siku atakayofunikwa na mojawapo. Sikurudia tena ushauri ule. Somo akalipita mara ya tatu.

Walianza wanafunzi arobaini kwenye kundi lao la simu. Mwanzoni aliyeacha aliaga, akaombewa heri. Baadaye walikuwa wanatoka kimyakimya, jina linapungua tu. Mwezi wa kumi na mbili walibaki sita. Mama akamuuliza, "Mwanangu, hiyo kozi haina mwisho?" Akajibu kwamba mwisho upo, umebaki mtihani mmoja.

Mtihani huo ulikuwa kazi ya kutengeneza kwa mikono. Kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta kumbukumbu za kweli za mahali anapopafahamu, azisafishe, azipange, na atengeneze programu itakayozipokea kila siku na kujibu swali moja lenye faida kwa mtu. Kazi ilikaguliwa na mkaguzi aliyekuwa nchi ya mbali. Ikikataliwa ulirekebisha na kuwasilisha tena, lakini mara tatu tu, na zote kabla ya tarehe ya mwisho. Ukikataliwa ya tatu hakuna cheti, na nafasi za bure hazitolewi mara mbili kwa mtu mmoja.

Yeye alichagua daftari la pampu yangu. Swali lake lilitoka kufulia: kwa nini maji ya hospitali hukatika asubuhi, wakati mashuka ya usiku yameshalundikana? Nilimpa madaftari ya miezi minane. Aliyapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, kwa programu ya simu inayogeuza karatasi iwe nyeupe na maandishi yawe meusi, yasomeke vizuri. Kisha akayanakili kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, kwa wiki tano. Tarehe, saa, pampu imewashwa au imezimwa, kina cha maji tangini.

Mara ya kwanza kazi ilikataliwa kwa kitu kidogo. Programu ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta yake peke yake, kwa mkaguzi ikagoma. Alirekebisha kwa siku nne. Wakati anarekebisha akaongeza chujio alilofundishwa darasani: mistari miwili ikifanana tarehe na saa, mmoja ni marudio, utupwe. Chujio likatupa mistari mia nne na kumi na moja. Mwalimu wa video alikuwa amesema mhandisi mzuri haogopi kutupa, kwa hiyo alifurahi. Akawasilisha.

Ikarudi. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mkaguzi aliuliza mambo mawili. Kwanza, inakuwaje pampu ya hapo kwenu inafanya kazi kuanzia saa za usiku wa manane hadi adhuhuri, halafu mchana wote na jioni yote hakuna hata mstari mmoja? Watu wa huko hawatumii maji mchana? Pili, ile mistari mia nne na kumi na moja umeitazama kabla ya kuitupa?

Swali la kwanza lilimchekesha. Aliniambia mkaguzi mwenyewe hajui kusoma saa. Swali la pili halikumchekesha, kwa sababu hakuwa ameitazama. Aliichapisha yote, akaja nayo kituoni jioni alipotoka kazini, akaketi kwenye kreti la madaftari na kuipumzisha miguu juu ya tofali. Akanipa karatasi nisome.

Nilisoma na nikakasirika. Tarehe ya zamu yangu, saa tatu, tangi limejaa, pampu imezimwa. Saa tatu asubuhi tangi langu halijawahi kujaa. Saa hiyo mji mzima umefungua koki, mimi mwenyewe huandika mita moja au chini ya hapo. Nikaruka kurasa, nikakuta hivyo hivyo, saa nne limejaa, saa mbili limejaa. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kuna mtu anaandika uongo kwenye daftari, anaingiza mistari kwenye saa zangu bila kupanda ngazi kuangalia kina. Na kituo kina watu wawili tu.

Wa pili ni mhudumu wa zamu ya usiku. Jina lake sote tumeliacha, tunamwita Popo. Ni mtu wa mzaha, mnene, anayekuja kazini na mto wa kukalia. Nilishawahi kumkuta amesinzia, kwa hiyo hukumu ilikuwa imekwisha kabla hajafika. Alipoingia, saa kumi na moja na nusu jioni, nilimpa karatasi bila salamu.

"Hii saa tatu, tangi limejaaje?"

Popo akavaa miwani, akasoma mistari kadhaa kwa kidole. "Lisijae kwa nini? Watu wamelala."

"Saa tatu asubuhi wamelala?"

"Asubuhi ya nani? Hizi ni zangu." Akaigeuza karatasi, akatazama upande wa nyuma, akairudisha. "Sasa nyie ndugu wawili, mbona mmenivalisha wino wa mchana?"

Hapo lazima nieleze utaratibu wa kituo. Zamani tulikuwa na mkuu wa kituo aliyeagiza kwamba mchana kuandikwe kwa wino wa bluu na usiku kwa wino mwekundu. Mkuu alishastaafu lakini kalamu zilibaki. Hakuna anayeandika "asubuhi" wala "usiku" kwenye daftari letu, rangi inatosha. Nimekaa kwenye meza ile miaka kumi na miwili. Macho yangu yanajua kwamba saa tatu isiyo nyekundu ni ya asubuhi, na karatasi aliyoichapisha mdogo wangu haikuwa na wekundu wowote. Nilimwomba radhi Popo. Alisema ataifikiria.

Mdogo wangu aliichukua karatasi mkononi mwa Popo. Kisha akauliza, "Popo, wino wako ni wa rangi gani?"

"Shemeji, hata hilo huniulizi siku zote hizi?"

"Mimi si shemeji yako. Rangi gani?"

"Mwekundu."

Akafungua daftari lenyewe, akapekua kurasa chache, akalifunga. Alikuwa amezipiga picha kurasa zile zikiwa zinang'aa kwa rangi mbili, akazisafisha, na saa tatu yangu na saa tatu ya Popo zikaonekana marudio. Halafu akalikumbuka swali la mkaguzi alilolicheka. Alitueleza polepole, kama anajieleza mwenyewe. Kompyuta inaanza kuhesabu saa sita usiku. Ukiiandikia tatu, inaelewa ni saa tisa usiku. Mistari yote aliyoinakili, yangu na ya Popo, ilikuwa imeingia kwenye saa ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezikusudia, na kila alipoisoma aliisoma sawasawa, kwa sababu kichwani mwake tatu ni tatu. Miezi kumi na minne anajifunza lugha ya kompyuta, na hakuwahi kuitajia saa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kurudia madaftari yote na kuweka rangi kwenye kila mstari. Peke yake asingeweza. Mwandiko wa Popo ulikuwa unasomwa na Popo tu, na yeye mwenyewe wakati mwingine alikuwa anakisia. Kwa hiyo tulikubaliana kukutana kituoni kila jioni kabla ya kukabidhiana zamu. Popo alikuja mapema kwa muda wa saa moja na nusu, akakalia mto wake na kusoma: nyekundu, saa mbili, washa, mita moja na nusu. Mimi nikasoma za bluu. Mdogo wangu akaandika.

Kuongeza saa sita kwa kila mstari wa bluu na kumi na nane kwa kila mwekundu hakukutosha. Popo huandika tarehe moja anapoanza zamu, na tarehe hiyo hubaki mpaka anapokabidhi asubuhi. Kompyuta huanza siku mpya katikati ya zamu yake. Mdogo wangu alimwambia kwamba kuanzia saa sita usiku mistari yake itabidi isogezwe kwenye tarehe ya kesho. Popo akakataa. Alisema, "Mimi saa hiyo huwa macho. Miaka yote hii sijaiona siku ikibadilika." Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishoni akakubali kwa sharti kwamba kwenye daftari lenyewe hakitaguswa kitu.

Saa kumi na mbili nazo zilikuwa na tabu yake. Mimi naingia saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili, na zote mbili naandika kwa bluu. Ilibidi tuangalie mstari uko juu ya ukurasa au chini. Kulikuwa pia na kurasa mbili zilizolowa maji na rangi zikachanganyikana. Popo alitaka tukisie, kwani mkaguzi yuko mbali, hatajua. Mdogo wangu aliziacha wazi, akaandika kwamba hazijulikani.

Siku ya sita hakuja. Pumzi ilimbana kazini akiwa amesimama mezani, wenzake wakampandisha wodini juu ya kitoroli cha mashuka. Alilazwa siku mbili. Nilipokwenda kumwona aliniuliza tumefika mwezi gani. Mimi na Popo tuliendelea, mimi nikiandika kwenye karatasi za kawaida, bluu kwa bluu na nyekundu kwa nyekundu. Popo aliacha mizaha kwa siku hizo mbili. Msimamizi wa kufulia, yule wa kudata, alimpelekea kompyuta wodini ndani ya mfuko wa nguo chafu, ili muuguzi asiulize, na mdogo wangu akaandika programu upya akiwa kitandani.

Aliwasilisha mara ya tatu siku moja kabla ya mwisho, mchana, kutoka kituoni, kwa kuwa umeme wa pampu haukatiki ovyo. Alibonyeza, akafunga kompyuta, akaniomba maji. Sikuona tofauti usoni mwake.

Mkaguzi alichukua siku sita. Katika siku hizo hatukulizungumzia, ila mdogo wangu alitusomea jibu la lile swali lake. Tangi lilikuwa linakauka asubuhi kwa sababu yetu. Popo hulijaza mapema usiku na kuzima, halafu saa mbili za mwisho haangalii, akijua mimi naja. Mimi nikiingia husubiri kidogo kabla ya kuwasha, nikijua Popo ameacha limejaa. Kati yake na mimi, kila alfajiri, mji ulikuwa unaamka na kulimaliza tangi, na kufulia ndiko mwisho wa bomba. Popo alisema hata ndoa yake ina tatizo hilohilo. Tangu wiki ile huwasha tena pampu saa kumi na moja alfajiri, na kufulia maji yapo.

Jibu lilikuja siku ya kazi. Alifaulu kwa alama sabini na nne. Mkaguzi aliongeza maneno machache: kwamba kurasa mbili zilizoachwa wazi ndizo zilizomfanya aziamini nyingine, na kwamba angependa kujua ni kwa nini saa za huku zina kumi na mbili mbili. Mdogo wangu alimjibu kwa ukurasa mzima. Alisema siku yetu inaanza jua likichomoza na usiku wetu unaanza likizama, na kila kimoja kinahesabiwa tangu mwanzo wake. Mkaguzi akashukuru.

Cheti hakikumleta mwajiri mlangoni. Aliomba kazi sehemu thelathini na moja. Sehemu nyingi hazikujibu, nyingine zilitaka shahada. Katika miezi hiyo mitatu aliendelea kukunja mashuka. Sehemu ya thelathini na moja ilikuwa bohari la dawa, lilihitaji mtu wa kupanga kumbukumbu za dawa zinazoingia na kutoka. Kwenye usaili walimuuliza kosa kubwa alilowahi kulifanya. Aliwaeleza la wino. Mmoja wa watatu waliomsaili alikwenda ofisi ya pili, akarudi na daftari la zamu la bohari, akaliweka mezani, wakaanza kulipekua wote watatu. Walimchukua.

Alifanya kazi pale miezi kumi na mmoja, mpaka moyo ulipokataa. Madaktari walisema ungeweza kukataa mapema zaidi. Sijui walivyopima hilo, lakini nimeliandika kama walivyolisema.

Siku yake ya kwanza bohari mimi nilikuwa nyumbani, nimebadilishana zamu na Popo. Alirudi saa kumi na moja na nusu jioni, akavua viatu mlangoni, akaviweka sawa. Mama alikuwa amemsubiri tangu mchana. Alimuuliza kazi ikoje, bosi mkali au hapana, wamempa chakula au hapana. Akajibu yote kwa kifupi. Mama akaona anafichwa kitu.

"Sasa kutwa nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekaa, mama."

"Na nini kingine?"

"Nimekaa," akasema. Akabaki amesimama katikati ya sebule, akiwa na mkoba begani, mpaka mama alipomwambia, kama hataki kiti, basi amletee beseni la vyombo lililo nyuma.